Shokomzoba za Gari-Nyumba: Mizani Kwanza, Duka Baadaye

Shokomzoba, au shokapu kama mafundi wengi wanavyoiita, haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi, au na mifuko ya upepo kwa magari makubwa yaliyofungwa mifuko hiyo. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi. Gari likipita kwenye shimo, springi hubonyea, hufyatuka, kisha hutaka kuendelea kucheza juu na chini. Shokomzoba huukamata mchezo huo, huugeuza kuwa joto, na joto likapotelea hewani. Jambo hili husahaulika sana dukani. Mwenye gari lililoinama nyuma kwa mzigo huuziwa shokomzoba ngumu, akarudi nyumbani na gari lililoinama vilevile, na safari hii linatikisika kuliko mwanzo.

Kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko, friji na tangi la maji ndani ya bodi moja, kosa hilo lina gharama kubwa. Pikapu hushinda tupu na hubeba siku chache. Gari-nyumba limebeba siku zote, hata likiwa limeegeshwa, na springi zake ziko chini ya mzigo mwaka mzima. Bodi yake imepanda juu, hivyo upepo wa ubavuni na ule unaotokana na malori yanayopishana nalo hulisukuma, na likianza kuyumba huchukua muda kutulia. Ndani yake kuna bawaba, skrubu, mabomba ya gesi na viungo vya mbao ambavyo havikuundwa kuhimili mtikisiko wa lori la kokoto. Shokomzoba legevu huliacha liyumbe barabarani. Shokomzoba ngumu kupita kiasi hulilegeza taratibu kutoka ndani, kabati moja baada ya jingine. Anayechagua anatafuta mahali pa kusimama kati ya hatari hizo mbili, na mahali hapo hutofautiana kwa kila gari.

Ndani ya shokomzoba kuna silinda iliyojaa oili, na ndani ya silinda kuna pistoni iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo ya chuma iliyong'arishwa. Pistoni ina vitundu vilivyofunikwa na vibati vyembamba vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Fimbo ikisukumwa, oili hulazimika kupenya kwenye vitundu kwa kuvipinda vile vibati. Unene wa vibati, idadi yake na ukubwa wa vitundu ndivyo vinavyoamua ugumu wa kifaa. Ndiyo maana shokomzoba mbili zilizofanana rangi, urefu na unene zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa, na hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha zikiwa rafuni. Njia ya kuaminika ni namba ya kifaa iliyochapwa kwenye mwili wake, ikilinganishwa na orodha ya mtengenezaji kwa chesisi husika.

Ukinzani huo una pande mbili. Upo wa kubonyea, tairi linapopanda, na upo wa kufyatuka, springi inapojirudisha. Kwa kawaida upande wa kufyatuka hupewa nguvu kubwa zaidi, mara nyingi maradufu au zaidi ya hapo, kwa kuwa ndipo nishati yote iliyolundikana ndani ya springi inapoachiliwa. Hapa ndipo gereji nyingi zinapokosea: gari huongezewa vipande vya springi ili libebe zaidi, na shokomzoba za zamani zikaachwa mahali pake. Springi mpya ina nguvu nyingi ya kufyatuka, shokomzoba haina uwezo wa kuizuia, na gari huanza kurushwa kila linapopita tutani. Springi zikibadilishwa, shokomzoba nazo zinapaswa kuangaliwa upya.

Kabla ya kununua chochote ni lazima kujua kama zilizopo zimekufa kweli. Jaribio la kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linavyocheza lina maana kwa saluni ndogo; kwa gari la tani 4 au 8 halisemi kitu. Dalili za kweli huonekana barabarani na chini ya gari. Gari likivuka tuta na kuendelea kunesa mara kadhaa badala ya kutulia mara moja, likipiga pua chini kila breki inapokanyagwa, au likiyumba kushoto na kulia kwa muda mrefu baada ya kukwepa shimo, kuna shaka ya msingi. Matairi hutoa ushahidi mzuri zaidi: yakiliwa kwa mabaka, bonde na kilima kuzunguka uso wa tairi, ina maana tairi limekuwa likirukaruka badala ya kushika lami. Oili inayotiririka mwilini mwa shokomzoba inamaliza mjadala, lakini utando mwembamba wa oili karibu na sili ni wa kawaida, maana fimbo inahitaji kulainishwa. Mkono ukipapasa fimbo na kukuta vipele vya kutu, sili imekwisha hata kama bado haijavuja. Jambo hili huyapata sana magari-nyumba, ambayo hukaa yameegeshwa miezi mingi. Kilomita zake huwa chache huku miaka ikizidi kwenda.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ni ya bei nafuu kuliko zote: kwenda mizani. Gari lipelekwe likiwa kama linavyosafiri, matangi ya maji na mafuta yamejaa, mitungi ya gesi, vyakula, baiskeli na abiria wote wakiwamo, na lipimwe ekseli moja moja. Jumla peke yake haitoshi. Magari-nyumba mengi yana mkia mrefu unaopita nyuma ya ekseli ya nyuma, na mkia huo hufanya kazi kama wenzo. Chukua gari ambalo ekseli zake ziko mita 4 kutoka moja hadi nyingine. Mzigo wa kilo 100 ukiwekwa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo huongezewa kilo 150, na ya mbele hupunguziwa kilo 50. Tangi la maji la lita 100 lililofungwa mkiani linatosha kabisa kufanya hivyo. Dereva atahisi usukani umekuwa mwepesi, ataona mbele kunapanda na kushuka, atahukumu kwamba shokomzoba za mbele zimekufa, kumbe tatizo liko nyuma na dawa yake ni kuhamisha mzigo.

Uzito ukishajulikana, upepo wa matairi hurekebishwa kulingana na jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa uzito huo halisi. Tairi lililojazwa upepo hadi mwisho wa namba iliyoandikwa ubavuni mwake, kwa gari lisilofikia uzito huo, hugeuka kuwa gumu na kulirusha gari kila penye nyufa za lami. Wapo waliobadilisha shokomzoba zote nne kwa tatizo ambalo lingemalizwa na mashine ya upepo. Bushi zilizokatika na vyuma vilivyolegea vya kuzuia gari kulala upande navyo hukaguliwa hapo hapo, kwa sababu kuyumba kwa gari refu mara nyingi hutoka huko.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la aina. Sokoni kuna mbili kubwa. Ya kwanza ina silinda mbili, moja ndani ya nyingine; pistoni hufanya kazi kwenye silinda ya ndani, na oili inayosukumwa na fimbo huhamia kwenye nafasi iliyo kati ya silinda hizo, ambako pia kuna hewa au gesi yenye shinikizo dogo. Ya pili ina silinda moja, na ndani yake oili hutenganishwa na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa kwa pistoni ya pili inayoelea. Muundo huu unatokana na kazi ya mhandisi Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilianza kuusambaza kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957.

Tofauti ya aina hizi hujitokeza joto linapopanda. Katika silinda mbili, oili inayopata joto kali kwa mtikisiko wa muda mrefu huweza kuchanganyika na gesi ikawa povu, na povu halina ukinzani. Shokomzoba iliyokuwa nzima asubuhi huwa kama haipo saa mbili baadaye, kisha ikipoa hurudi. Katika silinda moja povu hilo haliundiki kirahisi, na kwa vile ukuta wa nje ndio huohuo unaogusa oili, joto hutoka haraka. Kwa hoja hizi wauzaji wengi huitangaza silinda moja kuwa bora siku zote. Hoja hiyo ina tundu. Ukuta wa silinda moja ndio njia ya pistoni. Jiwe likirushwa na tairi na kuacha bonde ukutani, pistoni hukwama au hukwaruza na kifaa kikafa hapo hapo. Jiwe hilohilo likigonga silinda mbili hubonyeza ganda la nje tu, na kazi ya ndani huendelea. Kwa safari ya lami ndefu, silinda moja inastahili bei yake. Kwa barabara ya mawe makali, kama ile ya kutoka Maralal kupitia Baragoi kwenda Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, silinda mbili nene yenye oili nyingi ni chaguo la busara zaidi, au silinda moja iliyokingwa kwa ngao ya chuma.

Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati la kuezekea inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo shokomzoba nyingi za Afrika Mashariki zinapofia. Wanaoijua njia ya kushuka kutoka Ngorongoro kwenda Geti la Naabi, kuingia Serengeti, wanaielewa. Tuseme umbali kati ya mkunjo mmoja na mwingine ni sentimita 80 na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Kila tairi litapanda na kushuka karibu mara 17 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 1,000 kwa dakika moja. Kila mara pistoni inasukuma oili, na kila mara joto linaongezeka. Baada ya nusu saa mwili wa shokomzoba hauwezi kushikwa kwa mkono. Sili hulainika, oili hutoka, vumbi hunata kwenye unyevu huo na kuigeuza sili kuwa msasa dhidi ya fimbo. Dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo na kusimama ili vipoe. Ya pili ni ukubwa: shokomzoba yenye kipenyo kikubwa ina oili nyingi na eneo pana la kupoza. Zipo pia zenye chupa ya oili ya ziada pembeni, na zipo zile za Australia ambazo sehemu ya gesi imebadilishwa kwa sponji maalumu isiyochanganyika na oili.

Magari-nyumba ya kukodi ya Arusha na Nairobi mengi yamejengwa juu ya Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1984 na ambalo tangu 1999 matoleo yake mazito yana springi za koili mbele na za vipande nyuma. Uzito wake huongezeka kimyakimya. Toleo refu lenye matangi mawili ya lita 90 hubeba dizeli ya takriban kilo 150 yakijaa. Ongeza maji, betri ya pili, friji, hema la juu ya paa na ngazi yake, tairi mbili za akiba, na gari limepita mbali na lile ambalo shokomzoba za kiwandani zilipimiwa. Hapa inafaa kununua springi na shokomzoba kama seti moja kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kwa uzito wa kudumu uliosomwa mizani, wala si kwa uzito wa juu kabisa ambao gari litaubeba mara moja kwa mwaka. Springi ya kilo 500 za ziada kwenye gari lenye kilo 200 tu za ziada hupiga migongo ya waliomo na kuitia chesisi nyufa.

Marekani hali ni nyingine. Magari-nyumba makubwa ya petroli ya huko hujengwa sana juu ya chesisi ya Ford F-53, yenye springi za vipande mbele na nyuma, na ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa huanzia takriban tani 7.3 hadi tani 11.8 kwa kutegemea toleo. Malalamiko ya wenye magari hayo hufanana: gari hulala kwenye kona, husukumwa na malori, hucheza pua na mkia kwenye viungo vya saruji vya barabara kuu. Tatizo la lami ni mwendo wa polepole wa bodi, ambao ni takriban mtikisiko mmoja au mmoja na nusu kwa sekunde, wakati tairi na ekseli hutikisika mara kumi hivi kwa sekunde. Shokomzoba ya kawaida haiwezi kuwa ngumu kwa kimoja na laini kwa kingine bila ujanja wa ziada. Watengenezaji wametumia njia mbili. Wengine hupanga vibati vya pistoni ili ukinzani uwe mkubwa tangu mwendo mdogo wa fimbo, kisha usiendelee kupanda sana mwendo unapokuwa mkali. Koni, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1857 kwa kutengeneza vifaa vya farasi, hutumia valvu ya pili inayoachia oili ipite pembeni mtikisiko unapokuwa wa haraka, na kujifunga unapokuwa wa polepole. Kwa gari zito la barabara kuu, fedha inayolipiwa ufundi wa aina hii haipotei.

Ulaya, ambako Fiat Ducato ndiyo chesisi iliyoenea kuliko zote na magari mengi hujengwa yasizidi kilo 3,500 ili yaendeshwe kwa leseni ya kawaida, ugumu uko kwenye umbo. Mbele ya Ducato springi na shokomzoba ni kitu kimoja kilichosimama; kukitenganisha kunahitaji kibanio cha springi na fundi anayeheshimu hatari yake, kwa kuwa springi iliyobanwa ikifyatuka huua. Matairi nayo hupangwa upya mlalo baada ya kazi hiyo. Nyuma, Ducato ya kawaida ina springi za vipande na shokomzoba yake peke yake, lakini magari mengi yamekatwa chesisi ya nyuma na kufungwa ile ya kampuni ya AL-KO, yenye ekseli ya vyuma vya kujipinda na shokomzoba za aina yake. Anayeagiza kwa jina la gari na mwaka pekee hupokea kifaa kisichoingia. Bamba la chesisi husomwa kwanza.

Magari ya mifuko ya upepo yana tahadhari moja ya pekee. Katika mengi yao, shokomzoba ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi gari linapoinuliwa kwa jeki. Ikifungwa ndefu kuliko iliyopangwa, mfuko huvutwa na kuchanika au kung'oka kwenye kikalio chake.

Zipo shokomzoba zilizovishwa springi kwa nje, na nyingine zinazojazwa upepo, ambazo hutangazwa kuwa zinainua gari lililoinama. Zinainua kweli. Ila mzigo ambao ulitakiwa kukaa kwenye springi na chesisi sasa unaning'inia kwenye bolti mbili na vipande vya chuma ambavyo viliwekwa kwa ajili ya kuzuia mtikisiko tu. Kwenye gari dogo linalobeba mzigo mara chache madhara hayaonekani upesi. Kwenye gari-nyumba, lililobeba saa 24, kikalio hupasuka. Gari lililoinama hutafutiwa springi za nyongeza au mifuko ya kusaidia springi inayokaa kati ya ekseli na chesisi.

Vipimo huchukuliwa gari likiwa chini, limesimama kwa magurudumu yake na likiwa na mzigo. Urefu wa shokomzoba kutoka bolti hadi bolti hupimwa katika hali hiyo, kisha hulinganishwa na urefu wake ikiwa imefungwa kabisa na ikiwa imefunguka kabisa. Ekseli inapogonga raba yake ya juu, shokomzoba iwe bado na sentimita kadhaa za kwenda. Isipokuwa nazo, itapiga chini na kuvunjika kila penye shimo. Gari lililoinuliwa sentimita 5 kwa springi mpya huhitaji shokomzoba ndefu zaidi kwa sababu hiyo hiyo, safari hii upande wa kufunguka. Pembe nayo ina uzito wake: shokomzoba iliyolala nyuzi 45 hubakiwa na nusu tu ya nguvu ambayo ingekuwa nayo ikiwa wima, hivyo vikalio vilivyohamishwa na fundi wakati wa kujenga bodi vinaweza kuifanya hata iliyo bora ionekane dhaifu.

Bidhaa za bandia ni nyingi, Gerezani jijini Dar es Salaam kama ilivyo Kirinyaga Road jijini Nairobi. Boksi na stika huigwa kirahisi. Kinachoigwa kwa shida ni chuma. Fimbo halisi inang'aa bila mistari, kulehemu kwa vikalio ni mfululizo usio na mapengo, na namba iliyo mwilini inalingana na ya boksi. Shokomzoba ya silinda mbili ikishikwa wima na kubonyezwa, ukinzani wake uwe laini tangu mwanzo hadi mwisho baada ya kupampu mara chache. Ikiwa na mahali panapoteleza bila ukinzani hata baada ya hapo, irudishwe. Ile ya gesi yenye shinikizo kubwa hujifungua yenyewe ikikatwa mkanda, tena kwa nguvu. Isiyojifungua imeshapoteza gesi.

Kufunga kunafuata utaratibu usioruhusu haraka. Hubadilishwa mbili mbili kwa kila ekseli, kamwe si moja, na kwa gari zito ni vyema zote kwa pamoja. Za silinda mbili hupampiwa wima mara kadhaa kabla ya kufungwa ili hewa itoke chini ya pistoni. Za silinda moja hazibanwi kwenye jiriwa, kwa sababu ileile ya jiwe. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba hukazwa mwisho gari likiwa limeshushwa chini. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, raba hujisokota gari linaposhuka na kukatika baada ya muda mfupi. Kukaza hufanywa kwa rinchi ya kipimo na kwa namba ya mtengenezaji. Zile za zamani zenye gesi hazikatwi kwa moto wala gurudumu la kukatia kabla gesi haijatolewa kwa namna ambayo mtengenezaji ameelekeza. Baada ya kilomita 500 za kwanza nati zote hupimwa tena, na kuanzia hapo sili, fimbo na bushi hukaguliwa kila gari linapopandishwa kwa ajili ya kumwaga oili ya injini.